Sababu ya kuzipenda kamera za zamani zenye kipima umbali
Ndugu, umeuliza kama kamera ya zamani ya filamu yenye kipima umbali inafaa kwa mtu asiyeimudu Leica, kamera ya Kijerumani ya bei ghali. Inafaa sana, hasa kwa ajili ya lenzi: Yashica Electro 35, iliyotoka mwaka 1966, ina lenzi ya milimita 45 yenye uwazi mpana wa f/1.7 (tundu la kupitishia mwanga), inayonasa picha hata kwenye mwanga hafifu, na shata yake, yaani kilango kinachofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, hulia kwa sauti ndogo kiasi kwamba anayepigwa picha hashtuki. Kulenga kwenyewe ni raha, kwani unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili unazoziona kwenye kidirisha cha kutazamia ziungane kuwa moja. Kabla ya kununua, fungua mgongo ukague sponji za kuzuia mwanga, ambazo huoza na kunata kama lami. Betri ya asili ya zebaki ya Yashica hiyo haitengenezwi tena, hivyo utahitaji adapta ya kuwekea betri ya kisasa; ukitaka kuepuka hilo, chukua Canonet QL17 ya kampuni ya Canon, ambayo shata yake hufanya kazi bila betri.