Upasuaji ni wa umio, mbona tuhofie mapafu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, amegundulika kuwa na saratani ya umio, naye atafanyiwa upasuaji baada ya wiki 5. Amevuta sigara tangu ujana wake. Jirani yetu aliyefanyiwa upasuaji kama huo alifariki siku ya nane kwa homa ya mapafu, ilhali uvimbe wenyewe ulikuwa umekwisha kutolewa. Inakuwaje ukatwe umio, yaugue mapafu? Nasi nyumbani tuna la kufanya?
Binti, Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umio, yaani mrija wa kupitishia chakula, hupita kifuani, nyuma ya moyo, katikati ya mapafu, na ili kuufikia, mara nyingi daktari hufungua kifua upande wa kulia na kuliacha pafu la upande huo lisinyae kwa saa kadhaa, huku mgonjwa akipumua kwa pafu moja tu. Akizinduka kutoka katika nusukaputi, maumivu ya mbavu humfanya avute pumzi fupi fupi na aogope kukohoa, basi makohozi hutuama na vijidudu hupata makao. Isitoshe, mfuko wa tumbo huvutwa juu uchukue nafasi ya umio, hivyo kile kizuizi cha kuzuia chakula kisirudi juu hakipo tena, nacho chaweza kuingia mapafuni. Na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ukiguswa, mgonjwa hupaliwa kwa urahisi.

Wiki 5 mlizopewa ni mtaji. Sigara iachwe leo, kwa kuwa mapafu huhitaji angalau wiki 4 ili yaanze kujisafisha vizuri. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe baba mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu sasa, kwa maana fundisho la kitandani, mtu akiwa na mirija na maumivu, haliingii. Apige mswaki kila baada ya chakula, na meno mabovu yashughulikiwe, kwani vijidudu vya kinywani ndivyo vinavyoteremka mapafuni. Ikiwa hata uji haupiti na anazidi kukonda, msisubiri siku ya upasuaji; ulizeni habari ya mpira wa kulishia, kwa sababu misuli ya kupumulia nayo hudhoofika kwa njaa.

Ulizeni pia kama upasuaji wa matundu madogo unapatikana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa katika nchi 3 za Ulaya kwa wagonjwa 115, maambukizi ya mapafu katika wiki 2 za kwanza yaliwapata asilimia 29 ya waliofunguliwa kifua, lakini asilimia 9 tu ya waliopasuliwa kwa matundu. Njia yoyote itakayotumika, dawa ya maumivu itolewe ya kutosha, kwa kuwa asiyeweza kukohoa hawezi kujisafisha.

Baada ya upasuaji, kikwazo mara nyingi ni sisi ndugu. Tunamwambia mgonjwa atulie, asijichoshe, ilhali anatakiwa kukalishwa kitini mapema, kutembezwa, na kukohoa huku amekumbatia mto kifuani. Tena kuna ile chupa ya uji inayopenyezwa wodini kwa huruma: asionje chochote mpaka madaktari waruhusu. Nyumbani alale kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, wala asilale mara tu baada ya kula. Akipata homa, akaanza kuhema au kukohoa kila anapokunywa maji, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.