Maswali ya Wasomaji: Tagi ya Mbao Iliyozaliwa Vitani

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka ufuo wa Dunga. Mimi ni fundi wa mashua, kazi niliyorithi kwa marehemu baba. Mwanangu, ambaye ni baharia, alinionyesha picha ya tagi (chombo cha kuvuta vyombo vingine) kubwa ya mbao, akaniambia kwamba ilijengwa kwa ajili ya jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Nchi yenye viwanda vya chuma kama ile ilitakia nini mbao? Na chombo cha namna hiyo kilidumu kazini miaka mingapi, ikiwa mashua zangu hazifikishi miaka kumi bila kubadilishwa mbao?
Fundi wa Dunga, Kisumu

JIBU: Mzee wetu, swali lako limenifurahisha sana, kwa kuwa limetoka kwa mtu ambaye mikono yake inaujua mti.

Chuma kilikuwepo Marekani, lakini kilikuwa na wenyewe: manowari, vifaru, na meli za mizigo za aina ya Liberty, ambazo peke yake zilipita 2,700. Wakati huohuo, katika pwani ya Pasifiki ya kaskazini-magharibi, kulikuwa na karakana zilizozoea kuunda meli za uvuvi, maseremala wasiohitaji kufundishwa upya, na misitu ya misonobari mirefu iliyotoa mbao ndefu zilizonyooka. Jeshi lilihitaji tagi za kuvuta matishali (mashua bapa za mizigo) hadi Alaska na visiwa vya Pasifiki. Likachukua ramani ya tagi iitwayo Mikimiki, iliyoundwa mwaka 1929 kwa kazi za Hawaii na ambayo bahari ilikwisha kuijaribu, likaagiza makumi ya tagi za mfano huo, kila moja ikiwa na urefu wa mita 38 hivi. Hapa kwetu mambo yalikuwa kinyume: meli Usoga na Rusinga, ambazo zilibeba askari ziwani katika Vita Vikuu vya Kwanza, zilikuwa za chuma, zikaundwa Paisley huko Uskoti, zikafunguliwa vipande vilivyotiwa nambari, na kuunganishwa upya Kisumu kwa ribiti, yaani pini nene za chuma.

Tagi ni chombo kinachoteswa kuliko vingine. Uzito wote wa kinachovutwa huangukia nguzo moja ya kufungia kamba, kwa hiyo nguzo hiyo haikupigiliwa juu ya sitaha tu, bali ilishushwa ndani na kushikamanishwa na mifupa ya chombo, yaani mataruma (mbavu zake) na mkuku (mti mkuu wa chini). Mbao ilikuwa na fadhila yake: ikigongwa na ubavu wa meli hunepa kidogo na kurudi, na ubao ukivunjika hung'olewa peke yake, kisha mpya hupashwa mvuke hadi ulegee, ukapindwa na kufungwa mahali pake ungali wa moto. Viungo vilikalafatiwa, yaani mianya ya mbao ilizibwa, kwa pamba na katani, kazi ambayo wewe huhitaji kuelezwa.

Vita vilipokwisha, jeshi liliuza nyingi za tagi hizo. Makampuni ya uvutaji, miongoni mwao Foss ya jimbo la Washington, yalizinunua na kuzitumia kwa miaka mingi kuvuta magogo na matishali ya mizigo.

Sasa kuhusu umri, na hapa ndipo naomba uniruhusu nirefushe kidogo. Adui mkubwa wa chombo cha mbao baharini ni wale viumbe wanaotoboa ubao ukiwa chini ya maji. Lakini maji ya chumvi yenyewe huchelewesha kuoza, ndiyo maana baadhi ya mafundi walikuwa wakijaza chumvi ya mawe katika nafasi zilizo kati ya taruma na taruma. Ziwa letu halina watoboaji hao, ila maji yake baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayana kinga hiyo, na mvua inayotuama ndani ya mashua huozesha zaidi kuliko ziwa lenyewe. Chunguza pia kandokando ya misumari: kutu ya chuma huulainisha mti unaoizunguka, na mara nyingi msumari hulegea wakati ubao wenyewe bado ni mzima.

Kwamba mbao inaweza kudumu, iko tagi Arthur Foss, ambayo si mtoto wa vita, kwani iliundwa Portland mwaka 1889. Mwaka 1934 ilitiwa injini ya dizeli ya nguvu farasi 700, na mwishoni mwa Novemba 1941 ikawa chombo cha mwisho kuondoka kisiwa cha Wake, katika Pasifiki, kabla Wajapani hawajakishambulia. Baadaye ilitumikia jeshi la majini, ikarudi kuvuta magogo, na haikustaafu hadi 1968. Kwa miaka mingi imehifadhiwa huko Seattle ndani ya Lake Union, ambalo ni ziwa la maji baridi kama la kwako, na wanaoitunza huhangaika zaidi na maji ya mvua yanayopenya kutoka juu ya sitaha.