Batri gani ya kuweka mu gari ya kulala?

SWALI: Bonjour yaya, niko Goma, nimenunua Hiace ya zamani nataka nilale ndani nikienda kuuza vitenge Minova, nahitaji taa, kuchaji telefone na frigo ndogo. Batri ya kuwashia gari si inatosha? Franga zangu ni kidogo.

JIBU: Apana mdogo wangu, ile ya kuwashia iache kwa kazi yake, imetengenezwa kutoa nguvu mingi kwa sekunde chache, ukiimaliza kila usiku itakufa mbio na asubuhi gari haiwaki. Weka ya pili, ile ya solari. Kwa franga kidogo chukua ya risasi (plomb, ile ya kawaida yenye asidi), 12 V na 100 Ah, yaani volti 12 mara ampea-saa 100, ni wati-saa 1200 lakini tumia nusu tu, kama 600, na frigo ya wati 40 inayozunguka nusu ya siku inakula 480, kwa hiyo frigo ndio itakuumiza, taa na telefone ni kitu kidogo kabisa. Ya litiamu unaweza kutumia 80% na inadumu zaidi, ila bei yake iko juu na inataka chaja yake.

Nunua voltimita, kile kipimo cha volti, tafazali! Batri ikiwa imepumzika, volti 12.6 imejaa, ikifika 12.1 zima vitu. Kama ya risasi yako ina vifuniko vya kufunguliwa, ongeza maji ya distile, si ya ziwa, si asidi. Usiiache tupu wiki nzima, hapo ndio zinafia. Weka fyuzi karibu na batri, na upitishe hewa maana ikichaji inatoa gesi inayoshika moto, na wewe unalala palepale.