Uwezekano wa 1 si lazima

SWALI: Mwalimu, salamu. Kaka yangu hucheza kamari ya sarafu kwenye simu. Akipoteza shilingi 50 anaweka 100, kisha 200, anaendelea kuongeza maradufu hadi ashinde. Anasema chuoni walifundishwa kuwa ukirusha bila kukoma, uwezekano wa upande wako kutokea ni 1, kwa hivyo kushinda ni hakika. Ni kweli? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Alichofundishwa ni sahihi. Kasoro iko kwenye lile "kwa hivyo", na tafadhali msomee jibu hili kabla hajaweka dau lingine.

Chukua shilingi ishirini, ile yenye ndovu. Uwezekano wa kuirusha mara 10 usione ndovu hata mara moja ni 1 kwa 1,024. Ukirusha mara 20, ni 1 kwa 1,048,576. Unazidi kupungua, na kwa urushaji usiokoma ni 0 kamili. Basi ndovu kutokea ni 1. Lakini nembo, nembo, nembo bila mwisho bado imo kati ya mifuatano inayoweza kutokea. Tena mfuatano wowote utakaoutaja, hata uliochanganyika vipi, nao una uwezekano wa 0, na bado mmoja wao hauna budi kutokea! Hapa ndipo darasa langu hunyamaza kimya, na ndipo ninapopapenda kuliko pote. Andrei Kolmogorov, Mrusi aliyeiwekea nadharia hii misingi mwaka 1933, alilieleza waziwazi: lisilowezekana lina 0, ila lenye 0 huenda likawezekana. Vivyo hivyo, la lazima lina 1, ila lenye 1 si lazima. Kwa dadu hutaiona tofauti hii, maana matokeo ni 6 tu na kila moja lina fungu lake.

Isitoshe, 1 ya kaka yako inataka mfuko usio na kikomo. Akipoteza mara 10 mfululizo, ameshatoa shilingi 51,150, na dau la 11 ni 51,200. Anazo kwenye M-Pesa? Akiishia dau la 10, ana nafasi 1,023 kati ya 1,024 za kupata shilingi 50, na nafasi 1 ya kupoteza 51,150. Zidisha 1,023 kwa 50 uone: ni 51,150 zilezile. Faida yote imemezwa na hasara moja, na hapo nimechukulia kwamba sarafu ni ya haki na mwenye mchezo hakati chochote.