Kabla ya kusifia nguvu ya kifyonza vumbi, kifungue

Mleta mada umeuliza: ungepewa nafasi ya kubuni kifyonza vumbi cha nyumbani upya, ungeweka nini na ungetoa nini? Nimesoma waliojibu kabla yangu. Wengi wamekimbilia wati, wachache wakaenda kwenye betri, na mmoja anataka taa za rangi. Mimi nimefanya usafi wa maofisi na hoteli kwa miaka sita, na tangu niache kazi hiyo natengeneza mashine hizi zinapoharibika. Naomba nitofautiane nanyi.

Mashine nyingi ninazoletewa, mota yake ni nzima. Mwenyewe anakwambia "imeisha nguvu", anataka kuitupa. Ukiifungua unakuta soksi ya mtoto imekaa kwenye kona ya mpira wa kupitisha hewa, au filta imeshiba vumbi la saruji hadi imekuwa ngumu kama ubao. Kwa hiyo mashine ya ndoto yangu inaanzia hapo: njia yote ya hewa, kuanzia kichwa kinachogusa sakafu hadi tundu la kutolea upepo, niifikie kwa mikono mitupu. Bisibisi isihitajike. Shingo ya kichwa ichomoke, kiwiko kifunguke, mpira utoke pande zote mbili na uone mwanga ukiuchungulia.

Niliwahi kuletewa moja ya kusimama, sitaitaja kampuni, yenye kibanio cha nywele kilichokwama kwenye shingo ya ndani. Kibanio chenyewe nilikiona kwa tochi, kipo hapo hapo. Kukifikia sasa! Skrubu kumi na moja, tatu kati yake za kichwa ambacho bisibisi ya kawaida haiingii, halafu vishikizo vya plastiki ambavyo vimeundwa vifungwe mara moja tu maishani. Viwili vilikatika. Kazi ya dakika moja ikanila asubuhi nzima, na mashine ikarudi kwa mwenyewe ikiwa imefungwa kwa gundi. Aliyeichora hakuwahi kufikiria kwamba siku moja itaziba.

Na itaziba. Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalielewa kinyume. Mashine inapoanza kupiga mlio mwembamba na mkali, watu hufurahi wakidhani sasa ndiyo inafyonza. La. Hewa imezuiwa, feni haina cha kusukuma, mota imebaki kuzunguka bila mzigo na ndiyo maana inakimbia. Kwenye mashine nyingi za nyumbani hewa hiyo hiyo iliyochujwa ndiyo inayopoza mota, kwa hiyo ukiendelea hivyo joto linapanda mpaka swichi ya usalama inakata. Nikibuni mimi, nitaweka kidirisha kidogo kinachogeuka chekundu hewa inapopungua. Kiendeshwe na mgandamizo wa hewa yenyewe, bila saketi. Mashine za zamani zilikuwa nacho, na kilikuwa kinafanya kazi.

Sasa wati. Namba iliyoandikwa ubavuni inakuonyesha umeme unaoliwa, haikuonyeshi vumbi linalotoka kwenye zulia. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kuanzia Septemba 2014, kisha ukashusha hadi wati 900 Septemba 2017, pamoja na kelele zisizozidi desibeli 80. Watu walilalamika, ila viwanda vililazimika kutengeneza vichwa vizuri zaidi na njia za hewa zisizovuja, na mashine za wati 900 zinasafisha. Cha kuchekesha ni lebo yao ya matumizi ya umeme: vipimo vilifanywa mfuko ukiwa mtupu! Dyson, kampuni ya kutengeneza vifyonza vumbi, wakaenda mahakamani, na Novemba 2018 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaifuta kanuni ya lebo hiyo. Nilicheka sana niliposoma. Nyumbani mfuko unakuwa mtupu siku ngapi?

Tofautisha pia mvuto na mtiririko. Ziba mdomo wa mpira kwa kiganja: mvuto unafika kileleni, mkono unanata, na hakuna hata chembe moja inayosafiri. Uchafu unabebwa na hewa inayopita kwa kasi. Muuzaji anayekuonyesha mashine ikinyanyua tufe zito la chuma anakuonyesha mvuto peke yake.

Kwenye mfuko au chombo cha kukusanyia vumbi, najua nitapigwa mawe, lakini mimi ni mtu wa mfuko. Chombo cha kumwaga ni kizuri kama unapoteza hereni kila wiki na unataka kuona kilichoingia. Kinaokoa pia gharama ya mifuko, sikatai. Tatizo ni pale unapokimwaga: nusu ya vumbi laini linaruka usoni, na lililobaki unalikung'uta kutoka kwenye filta kwa kuigonga gonga ukutani. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa na pumu, na kila tulipobadilishiwa mashine za chombo yeye ndiye aliyejua kabla yetu. Mfuko wa kitambaa kisichofumwa unachuja vizuri kuliko wa karatasi na hauchaniki kirahisi. Nitataka uwe na kifuniko kinachojifunga chenyewe unapoutoa, na uwe wa saizi ya kawaida inayotengenezwa na wengi, isiwe ile ya kampuni moja inayokuja kusitishwa ukiwa bado na mashine.

Tukiwa kwenye pumu: James Murray Spangler, aliyekuwa msafishaji wa jengo huko Canton, Ohio, alikuwa akisumbuliwa nayo. Mwaka 1907 aliunganisha mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya kukusanyia vumbi, akapata hataza 1908. Kampuni ya Hoover ilianzia kwenye mashine ya huyo bwana. Yaani mfagiaji aliyechoka kukohoa ndiye aliyeianzisha biashara hii, na mara nyingi nikifungua mashine za leo najiuliza kama waliozichora wamewahi kufagia chumba.

Filta ya HEPA, ile ya kushika vumbi laini sana, nayo watu wanaisoma nusu. Kwa kiwango cha Marekani inashika angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Sawa. Lakini hewa haina adabu, inapita penye upenyo. Kama mpira wa kuzuia uvujaji kwenye kifuniko umelegea, vumbi linazunguka filta yako ya bei na kurudi chumbani. Kuligundua ni rahisi: fungua kifuniko uangalie kingo. Ukiona mistari ya vumbi jeusi nje ya mpira huo, basi umenunua HEPA ya maandishi. Mashine yangu ingekuwa na mpira mzima wa mzunguko mmoja, unaotolewa, unaooshwa, na unaouzwa peke yake.

Kichwa ndicho ningekitumia muda mwingi zaidi kukichora. Kwenye zulia unahitaji rola ya brashi ya kuchokoa. Kwenye sakafu ngumu rola hiyo hiyo inarusha mchanga nyuma, unausikia ukigonga miguu. Basi iwepo swichi ya kuizima rola, mkononi, nisiiname. Rola itoke kwa kubonyeza kitu kimoja, na vifuniko vyake vya pembeni vichomoke, kwa sababu nywele haziishii katikati ambapo unaziona. Zinatambaa hadi kwenye beringi, zinajisokota, zinapata joto, plastiki inayeyuka. Nimeona rola zilizoungana na nyumba yake kwa namna hiyo. Mfereji ulionyooka kwenye rola wa kupitishia mkasi ni kitu kidogo sana na sijui kwa nini si kila mmoja anao.

Bomba liwe la milimita 32 au 35, vipenyo vinavyotumika sana, ili kifaa cha kona cha mashine iliyokufa kiingie kwenye iliyo hai. Kwenye mpini pawe na tundu la kupunguzia mvuto, la sivyo pazia linamezwa. Magurudumu ya mpira laini. Waya mrefu. Ule wa kujikunja wenyewe ninaupenda na nauogopa: springi yake ni katika vitu vinavyokufa mapema, hasa kwa wanaovuta kupita alama nyekundu. Alama ya njano inakuonya ili usifike huko.

Za betri, zile za fimbo, ni nyepesi machoni tu. Mota, chombo na betri vyote vimekaa kwenye kifundo cha mkono wako. Fanya ngazi za ghorofa mbili uniambie. Kwa usafi wa haraka zinafaa. Sharti langu ni moja, betri itoke kwa mkono na iuzwe peke yake. Betri ya lithiamu huchoka hata mashine ikiwa haitumiki sana, na ikifungiwa ndani, siku inapochoka unatupa mota nzima.

Roboti sina ugomvi nazo, zinafagia vizuri palipo wazi. Nyingi hazipandi ngazi, na sofa hazisafishi.

Halafu yule mdau wa juu aliyesema yake inatoa harufu ya mpira unaoungua ikigusa zulia tu, usinunue nyingine bado. Chomoa plagi, pindua kichwa, izungushe rola kwa kidole. Ikigoma, imekabwa na nywele, na belti inasuguana mahali pamoja. Ndiyo harufu unayoisikia. Kata nywele, angalia kama belti imelegea au kuwa na kidonda, badilisha hiyo tu. Rola ikizunguka vizuri na harufu bado ipo, na unaona cheche nyingi kwenye matundu ya nyuma, mara nyingi hizo ni kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha. Weka picha hapa nikuonyeshe zinapokaa.