Re: Jeshi la Witu litafikaje Tanga mwaka 1914?

Salaam ndugu. Kwenye hadithi yako ya historia mbadala umekwama hapa: Witu, usultani mdogo wa pwani karibu na Lamu, inaingia vitani upande wa Mjerumani, ila Mombasa, iliyo mikononi mwa Mwingereza, inaziba njia ya Tanga.

Kagua tarehe kwanza. Kwa mkataba wa 1 Julai 1890 Mjerumani alimwachia Mwingereza Witu, na Oktoba mwaka huohuo Admirali Fremantle wa Uingereza akauteketeza mji. Usipoubadilisha mkataba huna jeshi. Tena Fumo Bakari, sultani wa Witu, alifariki 1891, kwa hiyo usimpe amri ya 1914!

Tanga achana nayo. Hadithi yangu mwenyewe ilifia njiani kwenda Malindi. Niliwatembeza askari kurasa tatu nikagundua sijawalisha. Askari wako ni watu wa msituni, waache msituni. Waweke Kipini, mto Ozi unapoingia baharini, mchele uwafikie kutoka mto Tana kwa mfereji wa Belezoni. Mikoko na vijito vitawaficha, na sisi wa Lamu twajua jahazi linavyokwama maji yakitoka, seuze manowari. Halafu manowari zenyewe za Mwingereza zilikuwa Rufiji zikiiwinda Königsberg, manowari ya Mjerumani, hadi Julai 1915. Una miezi kadhaa ya kuchezea hapo.

Sultani wako wa 1914 ni nani?