Mshubiri na mwasumini: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yanahusu mimea miwili ambayo katika nyumba nyingi za pwani huishi ndani ya ua mmoja, ingawa haifanani kwa tabia wala kwa kazi: mshubiri wenye majani manene ya miiba, na mwasumini wenye maua meupe yanayofunguka magharibi na kunukia usiku kucha.

Nimepanda mshubiri na mwasumini katika tuta moja, nami huimwagilia yote kila jioni. Mwasumini umestawi, lakini majani ya chini ya mshubiri yamekuwa ya manjano na yanabonyea. Ni ugonjwa gani huu? (Tanga)

Huo si ugonjwa, ndugu msomaji; ni maji. Asili ya mshubiri ni Rasi ya Arabuni, hasa milima mikavu ya Oman, na umbile lake lote limekusudiwa kuhifadhi maji. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na wakati huo huo hupoteza maji mengi kwa joto. Mshubiri hufungua vitundu vyake usiku, wakati hewa imepoa, ukaiweka kaboni hiyo katika hali ya asidi mpaka jua lichomoze ndipo uitumie. Kwa kuwa unapoteza maji kidogo, unahitaji kidogo, na mizizi yake inayotambaa karibu na uso wa ardhi huoza udongo usipopata nafasi ya kukauka. Mwasumini hutenda kinyume chake: hunywa sana, hutoa jasho sana, na ukikosa maji kwa siku chache za jua kali hupukutisha vichomozo vya maua kabla havijafunguka.

Ung'oe mshubiri, ukate mizizi iliyooza kwa kisu safi, kisha uuache kivulini siku tatu au nne ili majeraha yakauke. Uupande upya mahali palipoinuka, katika udongo uliochanganywa na mchanga mwingi, wala usiumwagilie kwa muda wa wiki moja. Baada ya hapo, mwagilia pale tu udongo unapokuwa umekauka mpaka ndani. Mimea hii inaweza kuendelea kuwa majirani, ila haifai kugawana tuta.

Majani machanga ya mwasumini wangu ni ya manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani. Nimetia samadi bila mafanikio, na mishubiri iliyo karibu haina dalili yoyote. (Unguja, upande wa mashariki)

Dalili hiyo ni ya upungufu wa madini ya chuma, na upande wenu sababu yake kwa kawaida ni ardhi yenyewe. Udongo uliotokana na mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na penye chokaa nyingi chuma huwepo ardhini lakini mizizi ya mwasumini haiwezi kukifyonza, kwa sababu mmea huu hupenda udongo wenye asidi kidogo. Ndiyo maana samadi peke yake haikusaidia. Maji ya kisima yenye chumvi huongeza tabu hiyo, ilhali mshubiri huyavumilia kwa kiasi chake.

Ningekushauri usishindane na mwamba. Chukua chungu kikubwa au pipa lililokatwa na kutobolewa chini, ulijaze udongo mwekundu uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, upande humo mwasumini mpya uliotokana na kipandikizi. Tawi lililokomaa nusu, lenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na lililopunguzwa majani, huota mizizi kwa urahisi likiwekwa penye kivuli na unyevu. Maji ya mvua yakipatikana, uyawekee akiba kwa ajili yake.

Mwasumini wangu uko barazani, ghorofa ya pili. Una majani mazuri ya kijani kibichi lakini hautoi maua. (Nairobi)

Chunguza mambo matatu. Kwanza jua: mmea huu unataka saa sita za jua kwa siku, na baraza nyingi za ghorofa hazifikishi hata nusu ya hizo. Pili mbolea: ile yenye naitrojeni nyingi huleta majani tele na kuyasahaulisha maua. Tatu kisu: maua hutoka kwenye matawi mapya, hivyo mmea usiopogolewa huchakaa. Upogoe kila maua yanapokwisha, wala usiogope kuondoa hata theluthi moja. Kipupwe cha Juni na Julai kinapoingia hupunguza mwendo wake. Hilo ni la kungoja tu.

Ni kweli kwamba maji ya mshubiri hutibu vidonda vya tumbo, kisukari, na pia kuku wenye kideri? (Morogoro)

Mshubiri umesifiwa kupita kiasi. Ukipasua jani utakuta vitu viwili tofauti: ute mweupe wa katikati, na maji ya manjano machungu yaliyo chini ya ganda. Ute huo hupoza ngozi iliyounguzwa na jua au iliyoungua kidogo jikoni, baada ya kuosha mahali hapo kwa maji safi. Moto ulioingia ndani ni kazi ya hospitali. Maji ya manjano ni dawa kali ya kuharisha, na mwaka 2002 Marekani iliyaondoa katika orodha ya dawa za kuharisha zinazouzwa bila cheti cha daktari. Mjamzito asiyanywe, wala mtu anayetumia dawa za kisukari asijiongezee mshubiri bila kumwambia daktari wake. Kuhusu kuku, wafugaji wengi hukatia majani yake katika maji ya kunywa, lakini kinga ya kideri ni chanjo.

Asumini zina kazi gani zaidi ya kunukia? (Mombasa)

Kunukia ni kazi kubwa vya kutosha! Kwenu ndiko zinakotungwa vikuba pamoja na rihani na mkadi, na zikatandazwa kitandani kwa maharusi. Lililo muhimu ni saa ya kuchuma: chuma alasiri vichomozo vilivyonenepa na kuwa vyeupe lakini bado vimefumba, kwa kuwa ua lililokwisha kufunguka limeshatoa sehemu kubwa ya harufu yake. Wachina wa Fujian hutumia tabia hiyo hiyo katika kuinukiza chai: huchanganya vichomozo na majani makavu ya chai usiku, maua yakafunguka humo, na asubuhi huyachekecha na kuyatoa. Nyumbani unaweza kufanya hivyo kwa bati lenye kifuniko, mradi maua hayakupuliziwa sumu ya wadudu. Jihadhari tu na kichaka kingine chenye maua membamba ya kijani kilichofifia, ambacho baadhi ya watu hukiita yasmini ya usiku. Hicho ni cha ukoo wa mnavu na matunda yake yana sumu.

Nina nafasi ya chungu kimoja tu, na husafiri mara kwa mara. Nipande upi? (Dodoma)

Panda mshubiri. Mwasumini hautakusubiri wiki mbili za kiangazi cha Dodoma bila mtu wa kuumwagilia. Ukipata jirani mwaminifu, tuandikie tena.